Gari ya tabo inunuliwe asubuhi

Mimi nauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, na gari yangu ni Subaru Legacy B4 ya 2005, ya tabo, yaani ina kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Watu wananiona kituko, sawa tu. Mwaka wa nne huu naiendesha na injini moja nimeshaizika, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Dalali akikwambia anayo, mwambie asiiwashe mpaka ufike. Nenda saa moja asubuhi, fungua boneti, weka kiganja juu ya injini. Ukikuta ina joto, kuna kitu ameshakificha; rudi nyumbani. Yangu niliikagua saa nane mchana, imetoka kuzungushwa Capri Point, inanguruma vizuri mpaka nikasahau maswali niliyokuja nayo.

Ikiwa baridi, mtu mwingine awashe, wewe simama nyuma kwenye bomba la moshi. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni maji tu. Mweupe usiokata, unaonuka utamuutamu, hiyo gasketi ya injini imeungua na maji ya rejeta yanaingia ndani. Wa bluu ni oili inaungua: tabo inavujisha, au ringi za pistoni zimechoka. Kisha apige resi kidogo. Ukisikia ko-ko-ko nzito kutoka chini, inayoongezeka kadiri resi inavyopanda, injini inanoki. Hapo usiombe hata punguzo, ondoka.

Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini. Ni kila kilomita 100,000, lakini namba ya dashibodi anaijua aliyeirudisha nyuma. Mimi ningeibadilisha tu, pamoja na tenshena na pampu ya maji, kabla sijampakia mtu. Ikikatika, vali zinagongana na pistoni na mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa oili. Injini yangu ya kwanza ilifia njia ya Magu, mbele ya Kisesa. Nilikuwa nasubiri taa ya oili iniambie, na taa ile haipimi kiasi, inapima presha. Inawaka mambo yakiwa yameshaharibika. Tulipoivuta mpaka Nyakato, mzee mmoja fundi akafungua mrija unaopeleka oili kwenye tabo, akanishikisha boliti moja nene kama kidole cha mtoto, ina tundu katikati. Ndani yake kulikuwa na kichujio cha wavu, kimeziba kwa masizi meusi, kama chujio la chai lisiloshwa mwezi mzima.

"Mama," akasema, "tabo yako ilikuwa inanywea hapa."

Nilimpigia fundi aliyenimwagia oili kabla ya hapo, akaniambia hajawahi kusikia boliti ya namna hiyo. Namwamini, ndiyo shida yenyewe. Kwa hiyo ukishanunua, kazi ya kwanza ni kutafuta fundi anayeijua bila kuonyeshwa. Kikaguliwe, kisafishwe au kibadilishwe. Oili namwaga kila kilomita 5,000, sintetiki, na filta mpya kila mara. Jumapili kabla ya kanisani natoa kijiti, nafuta, narudisha, natoa tena, gari ikiwa sehemu tambarare. Alama ya chini na ya juu zinapishana kama lita moja, na gari hizi zinaweza kuinywa lita hiyo bila kudondosha tone chini.

Kuendesha kwenyewe hakuna uchawi. Ukiwasha, nenda taratibu mpaka geji ya joto itulie, ndipo ukanyage. Ukirudi safari ndefu, kilomita mbili za mwisho endesha kinyonge ili tabo ipoe, halafu zima. Mimi nikitoka Lamadi naanza kuachia Igoma, na foleni ya Buzuruga inamalizia kazi yenyewe. Petroli jaza sheli yenye wateja wengi, achana na vidumu vya barabarani; injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, ile isiyolipuka kabla ya wakati wake. Ukikanyaga mlimani ukasikia kama kokoto ndani ya kopo, ondoa mguu.

Hiyo pua juu ya boneti si pambo. Inapeleka upepo kwenye intakula, ile inayopoza hewa inayotoka kwenye tabo, na huku kwetu inapeleka pia wadudu wa ziwani, wale wanaosimama juu ya maji kama moshi. Mapezi ya intakula na rejeta yakijaa wadudu, joto linapanda. Fundi pancha ana kompresa. Mwombe apulize kutokea ndani kwenda nje, polepole, mapezi yale yanapinda kirahisi.

Tairi ziwe nne za aina moja na zimelika sawa, maana magurudumu yote yanavuta. Ukichanganya mpya na kipara, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inataabika.

Faida? Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Tabo inaifidia. Utaliona hilo ukilipita lori la mahindi pale Nyanguge. Lakini tochi zipo, na vibao vya 50 havijali umetoka Subaru au baiskeli.

Na mnaouliza kama dagaa wanapanda humo: nilibeba gunia moja, siku moja, mwaka juzi. Mvua ikinyesha, abiria bado wananiuliza.