Mbwa mdogo anakojoa kwenye kapeti na kutafuna ndala: mimi nafanya hivi

Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja Njiro, hapa Arusha, mbwa wa miezi minne, mweupe, hata kilo tatu hafiki, na mama mwenye nyumba kashakata tamaa maana kapeti linanuka na wageni wakija anawakaribisha barazani. Nimekaa pale nusu saa tu nikaona tatizo: baba anamwambia "nenda", dada wa kazi anamwambia "toka", watoto "haya haraka", sasa huyo mbwa amsikie nani? Kwa hiyo kabla ya yote kaeni chini nyumba nzima, mchague neno moja. Mimi natumia "kojoa", basi.

Hatua ya 1: ratiba. Mtoe akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla hamjalala. Kwa makadirio mtoto wa mbwa anaweza kubana saa moja kwa kila mwezi wa umri, yaani huyu wa miezi minne ukimfungia masaa matano ukakuta kojo, usimlaumu, wewe ndo umechelewa. Mpeleke sehemu ile ile kila siku, chini ya mgomba au pembeni ya ukuta, na usimwache huko ukarudi ndani, simama naye.

Hapo uwe na dagaa mfukoni, wale wakavu wasio na chumvi, dagaa mmoja mkate vipande vitatu. Akimaliza kukojoa mpe kipande pale pale, ndani ya sekunde mbili. Watu wengi wanakosea hapa, wanasubiri mpaka wafike mlangoni ndo wanampa, mbwa anaelewa kalipwa kwa kurudi ndani, kesho yake akifika nje anageuka hapo hapo bila kukojoa.

Halafu kuna baridi yetu. Mwezi wa saba Arusha na yale manyunyu, hawa wadogo hawataki kabisa kukanyaga majani yaliyolowa, utamuona kasimama mlangoni anatetemeka, mguu mmoja kaunyanyua. Usimsukume jamani. Tandika gunia nje kwenye kona yenye paa, umzoeshe hapo mpaka jua lirudi.

Hatua ya 2: akikosea ndani. Akianza kunusa chini huku anazunguka zunguka, mbebe haraka. Ukimkuta katikati piga makofi mara moja kwa mikono yako kumshtua, umtoe nje amalizie huko. Ukikuta limeshakauka, futa tu. Kumsugua pua kwenye mkojo au kumchapa kunamfundisha kujificha, ataenda kukojoa nyuma ya kochi. Futa kwa siki na maji nusu kwa nusu (jaribu kwanza kwenye kona ya kapeti isije ikatoa rangi), na epuka dawa zenye amonia, harufu yake inafanana na ya mkojo, atarudia hapo hapo.

Hatua ya 3: ndala na viatu. Kuanzia miezi mitatu mpaka sita hivi meno 28 ya utoto yanang'oka, fizi zinamuwasha, lazima atafune kitu. Weka viatu juu, mpe karoti nzima ya baridi kutoka kwenye friji, na ukae karibu akiwa anatafuna. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka inakuwa na ncha inaweza kumchoma utumbo.

Hatua ya 4: kurukia wageni. Kwa sababu ni mwepesi watu wanacheka wanambeba, ndo anazidi. Mwambie mgeni asimuangalie wala kumsemesha, ageuke ampe mgongo, miguu yote minne ikigusa chini ndo amsalimie.

Chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, usiipitishe.

Na kama umefuata ratiba wiki mbili tatu na bado anakojoa kidogo kidogo kila saa, anajikamua, au unaona damu, acha mafunzo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, huyo anaumwa.