Madumu mawili, usiku mmoja: namna ya kulala Rondo na punda

Nilitunza farasi miaka 6 huko Arusha, kwa watu wanaowapeleka wageni porini juu ya matandiko. Niliporudi nyumbani Mtama, mkoani Lindi, vijana wakaniuliza: farasi utaleta lini? Sileti. Huku kwetu kuna ndorobo, wale mbung'o wanaonyonya damu, na farasi akishaumwa na ndorobo wenye ugonjwa, hesabu siku zake. Wajerumani waliochimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, pale kilimani Tendaguru, kuanzia 1909 hadi 1913, walishindwa kutumia mnyama wa mzigo kwa sababu hiyohiyo. Mifupa ikashuka mpaka bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku nne. Lile jitu lililosimama kwenye makumbusho ya Berlin lilitoka huku kwa miguu ya babu zetu.

Punda naye huugua, ila anavumilia zaidi. Wangu wawili niliwanunua kwa jirani Msukuma. Mmoja ni Tausi. Mwingine anaitwa Deni, maana nilimchukua kabla hela ya korosho haijaingia. Ninayoeleza hapa ni kutembea nao wakiwa na mizigo mpaka Rondo, tambarare ya juu yenye msitu huku kwetu Lindi. Kuwapanda hapana, mtu mzima juu ya punda wa kilo 130 ni uonevu.

Anza na maji, kabla hujafikiria hema wala chakula. Punda mmoja simbebeshi zaidi ya kilo 40. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo madumu mawili, basi. Sasa piga hesabu. Kwenye joto namwekea kila punda lita 15 kwa siku, wawili, 30. Watu wawili, kunywa na kupika, 10. Jumla 40. Yaani mzigo mzima wa Deni ni maji ya siku moja, na Tausi abebe vyote vilivyobaki. Mimi juu kule kwenye tambarare sitegemei kukuta pa kunyweshea, najaza vijijini kabla ya kupanda. Ndiyo maana safari yangu ni usiku mmoja. Anayekuahidi siku tatu na punda wawili hajawahi kunyanyua dumu. Na farasi ndiye angechekesha kabisa: lita 30 hadi 40 kwa siku, angekunywa karibu mzigo mzima wa Deni peke yake na bado akuangalie.

Ruhusa nayo. Msitu wa Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na si mahali pa kuchungia mifugo. Nenda ofisini kwao mapema, lipia kiingilio, sema wazi kwamba una punda na kwamba watabaki nje ya mpaka. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi hupiga kambi upande wa kijiji, kwenye shamba lililolala la mtu aliyekubali, halafu msituni naingia kwa miguu yangu. Kwa wazee usikurupuke. Toa shikamoo, kaa, ndipo uulize habari za wanyama. Mara ya mwisho nilimuuliza mzee mmoja kama kuna simba. "Mwaka huu hapana," akasema. "Nguruwe wapo. Na panapo nguruwe, simba njia anaijua." Usiku ule nililala juu ya dungu la kulindia mazao, nikawasha moto, na punda nikawazungushia boma la miiba.

Miezi mizuri ni Julai mpaka Septemba. Mvua zimekwisha, majani bado yapo. Ila ndiyo miezi ya kupuliza mikorosho, kwa hiyo usimfunge punda chini ya mkorosho uliopigwa salfa, dawa ya unga. Unga ule unakaa kwenye nyasi, naye atakula nyasi. Oktoba ikifika mabibo, matunda ya mkorosho, yanaanguka. Punda akikuta lundo hajui kuacha, na kesho yake utakuwa na mnyama mwenye tumbo kama ngoma na mwenye shamba mwenye hasira. Mihogo michungu ndiyo ya kuogopa kuliko vyote, majani mabichi yana sumu. Mimi hubeba pumba kidogo na nyasi kavu kwenye kiroba, ili punda afike kambini akiwa na cha kutafuna kabla hajaanza kuangaza macho mashambani.

Turubai la buluu usilibebe, wala usivae buluu au nyeusi. Ndorobo wanazifuata rangi hizo. Hili nililijua kwa gharama: safari yangu ya kwanza nilimfunika Tausi mzigo kwa turubai jipya la buluu, nikaona linapendeza. Wiki kadhaa baadaye akakonda, ufizi ukapauka, akavimba chini ya tumbo. Muuza dawa mmoja akanipa dawa ya ng'ombe, akanipimia kwa macho. Nusura tumpoteze, maana dawa zile kipimo kikizidi kidogo zinamdhuru punda. Afisa mifugo ndiye aliyemwokoa. Mwite yeye kwanza, kabla ya safari na ukiona dalili.

Kufunga mzigo ni pale ambapo wengi huharibu. Sogi, yaani tandiko la mizigo la punda, ikae pande mbili za mgongo, uti wenyewe usiguswe na kitu. Chini weka gunia la katani lililokunjwa, au blanketi kuukuu la pamba; kiroba cha plastiki kinachubua, na kidonda cha mgongo hakiponi wakati mnyama anaendelea kubeba. Pande zote mbili zilingane. Nina mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia korosho, na napima kila upande. Tofauti ya kilo 2 tu na baada ya saa moja ya kupanda sogi imeshapinda. Tausi hubeba unga wa muhogo, mbaazi nilizochemsha nyumbani, samaki mkavu, chumvi, sufuria, panga, kamba na mkeka. Hema nimeacha. Chandarua sijaacha.

Usiku usimfunge punda kwenye shina la mti mmoja. Atabandua gome na kuchimba mizizi kwa kwato mpaka asubuhi. Tulivyofanya kwa farasi ndivyo ninavyofanya: kamba moja nene inatoka mti hadi mti, juu ya kichwa cha mtu, imekazwa sawasawa, na pale inapogusa gome nazungushia gunia. Kila punda anafungwa kwenye kamba hiyo kwa kamba fupi, mdomo ufike chini lakini mguu usiweze kuivuka. Waachie nafasi wasipigane mateke. Na pawe mbali na kisima cha watu. Mbolea na mkojo visifike majini.

Ukishakula, zima tochi, ukae kimya. Kwenye ukingo wa msitu utasikia komba. Yupo mmoja, komba wa Rondo, ndiye mdogo kuliko komba wote, ana kama gramu 60, mkia wake kama brashi ya kusugulia chupa. Mimi nimemsikia mara nyingi, kumwona mara mbili. Punda humsikia kabla yangu. Masikio yao yakigeuka upande mmoja, nami nageukia huko.

Asubuhi mnyweshe punda kabla hujachemsha chai. Tawanya mavi yao kwa fimbo ili yakauke, fukia shimo la moto baada ya kumwaga maji mara mbili, pitisha kiganja mgongoni mwa kila mnyama ukitafuta joto au uvimbe kabla ya kuweka sogi. Halafu madumu matupu: yafunge pamoja ukiweka nguo katikati. Yakianza kugongana kwenye mteremko Deni hukimbia, na mteremko wa Rondo si wa kukimbizana na punda mtu ukiwa na miaka 54.