SOMO: Namna ya kumpata mwalimu wa takwimu atakayekufundisha, siyo atakayekufanyia

Siku nilipotetea utafiti wangu wa shahada ya kwanza, mjumbe mmoja wa jopo alifungua jedwali la kwanza la sura ya nne, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akaniuliza: "Hapa umeandika wastani wa jinsia ni 1.47. Hii 1.47 ni nini?"

Sikuwa na jibu. Jedwali lile sikulitengeneza mimi. Nilikuwa nimempelekea madodoso yangu kijana mmoja wa stesheneri karibu na chuo, nikamlipa, na siku ya nne akanikabidhi faili la SPSS, programu ya kuchambua takwimu, pamoja na maelezo yaliyokwisha kuchapwa. Nilirudishwa kufanya marekebisho makubwa, na hapo ndipo nilipoanza kutafuta mwalimu wa kweli. Ninayoandika hapa ni niliyojifunza katika kutafuta huko, na baadaye nilipoanza kuwafundisha wengine.

Hatua ya 1: Jua umekwama wapi

Ukimwambia mwalimu "sielewi takwimu" umemwambia kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa". Chukua karatasi, fungua notisi zako kuanzia wiki ya kwanza, na kwa kila mada jiulize: naweza kumweleza mwenzangu hii? Naweza kukokotoa tu bila kujua maana yake? Au sijui kabisa?

Wengi wanaokuja kwangu husema wamekwama kwenye rigresheni, yaani kukadiria kitu kimoja hubadilika vipi kingine kikibadilika. Tukikaa dakika ishirini inaonekana tatizo liko nyuma sana: hajui mkengeuko sanifu unapima nini. Anajua kuuingiza kwenye kikokotoo, lakini hajui kwamba unaonyesha namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Bila hilo, kila kinachofuata atakikariri tu.

Hatua ya 2: Tafuta wanakosomea watu wa takwimu

Kwa aliyeko Dar es Salaam, pale Changanyikeni kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, EASTC, kilichoanzishwa mwaka 1961. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Takwimu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wakufunzi wasaidizi wa sehemu kama hizi ndio wa kuanza nao, kwa sababu bado wanakumbuka walipata shida wapi. Kama uko Dodoma, Mzumbe au Morogoro mjini, nenda ofisi ya idara uulize, au watafute waliofaulu kozi hiyo mwaka jana, wakuambie nani aliwasaidia.

Mtu ajue na fani yako. Mwanafunzi wa kilimo mwenye viraka vya mahindi shambani hahitaji mwalimu aliyezoea madodoso peke yake. Hata jaribio la t, linalotumika kulinganisha wastani, lilizaliwa kazini: William Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness, akihitaji kufanya uamuzi kwa sampuli ndogo. Alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student". Mwalimu mzuri atakuuliza unapima nini na umekipimaje, kabla hajagusa fomula yoyote.

Na usimlipe mhadhiri anayekusahihishia mtihani. Hilo litawaumiza nyote wawili.

Hatua ya 3: Mpe namba tano

Kabla ya kukubaliana chochote, omba mkutane nusu saa. Mwandikie haya, mauzo ya mama lishe kwa siku tano, kwa shilingi: 20,000, 22,000, 21,000, 23,000, 114,000. Halafu mwambie: "Nieleze mama huyu anauza kiasi gani kwa siku."

Anayejua fomula tu atajumlisha apate 200,000, atagawanya kwa tano, atakuandikia 40,000 na kufunga kalamu.

Mwalimu atasita. Atakuonyesha kwamba hakuna siku hata moja ambayo mama huyu aliuza 40,000. Atazipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, atakuonyesha ya katikati, 22,000, na kukuuliza ipi kati ya hizo mbili inafanana zaidi na siku ya kawaida kibandani. Kisha atauliza swali ambalo mimi hulisubiri: siku ya tano kulitokea nini? Labda alipata oda ya chakula cha msiba. Labda mtu aliongeza sifuri wakati wa kuandika. Huwezi kujua kwa kuitazama namba, lazima umrudie mwenye biashara. Ukimpata anayeuliza hivyo, mshike.

Hatua ya 4: Muulize thamani ya p

Muulize: "Thamani ya p ikiwa 0.03, maana yake nini?" Akisema kuna uwezekano wa asilimia 3 kwamba nadharia tete sifuri (dhana kwamba hakuna tofauti wala uhusiano) ni kweli, amekosea, na utayabeba makosa hayo mpaka mbele ya jopo.

Sikiliza kama anaweza kueleza kwa kitu cha mkononi. Mimi huichukua sarafu. Tuseme imerushwa mara 10 na kichwa kimetokea mara 9. Kama sarafu haina hila, uwezekano wa kichwa kutokea mara 9 au zaidi ni 11 kati ya 1,024, karibu asilimia 1, na hiyo ndiyo thamani ya p. Tumeanza kwa kudhani kwamba sarafu ni ya haki, kisha tukauliza matokeo kama haya yangekuwa adimu kiasi gani. Hatujapata uwezekano wa sarafu yenyewe kuwa ya haki. Tofauti hiyo ndiyo inayowashinda wengi, wakiwemo baadhi ya wanaofundisha.

Hatua ya 5: Malipo

Lipa kwa kipindi, baada ya kipindi. Usitume hela ya mwezi mzima kwa simu kwa mtu mliyeonana mara moja. Mkubaliane mapema akiahirisha inakuwaje, na wewe ukiahirisha inakuwaje.

Hatua ya 6: Kalamu iwe mkononi mwako

Saa ikiisha na mwandiko wote kwenye daftari ni wa mwalimu, ulikuwa mtazamaji. Fanyeni kwanza kwa mkono, kwa namba tano au sita, ndipo mwende kwenye kompyuta. SPSS ina leseni ya kulipia. R na jamovi, programu za kazi hiyohiyo, ni za bure na zinatosha kabisa kwa utafiti wa shahada ya kwanza.

Mwalimu niliyempata mimi alinirudisha kwenye ile 1.47. Aliniuliza nilivyowapa namba: mwanaume 1, mwanamke 2. Akanipa watu kumi wa kufikirika, sita wanaume na wanne wanawake, nikokotoe wastani. Nikapata 1.4. Akaniongezea mwanamke mmoja na kumtoa mwanaume mmoja, nikapata 1.5. Sikuhitaji neno jingine. Ile 1.47 ilikuwa inasema asilimia 47 ya waliojibu ni wanawake. Namba niliyoionea aibu kwa miezi miwili ilikuwa na maana yake, ila iliandikwa mahali ambapo asilimia ingetosha, na aliyeiandika hakunieleza.

Maswali mliyoniuliza

*Swali: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mzazi, kijana wangu yuko kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na BAM, ile hisabati tumizi ya msingi, inamsumbua, hasa takwimu na uwezekano. Nimtafutie mtu wa chuo?*

Nzuri mama, shikamoo. Kwa BAM anza na mwalimu wa hisabati wa sekondari. Mtu wa chuo anaweza kumpeleka mbali kuliko mtaala unavyotaka. Kijana akae na pasti pepa, amwonyeshe mwalimu maswali aliyokosa pamoja na kazi aliyoifanya, siyo jibu peke yake. Kosa linaonekana kwenye njia. Na uwezekano ajifunze kwa kuchora mti wa matukio. Wanaoruka kuchora ndio wanaochanganya kujumlisha na kuzidisha.

*Swali: Anayenifundisha ananiambia ukubwa wa sampuli unapatikana kwa fomula ya Yamane tu, basi. Nina wafanyakazi 850. Ni sahihi?*

Kokotoa nami. Gawanya 850 kwa 1 kujumlisha 850 mara 0.05 mara 0.05. Chini unapata 3.125, na jibu ni 272. Hesabu ni sahihi. Ila fomula ile, ya mwaka 1967, ni ya kukadiria asilimia moja ya kundi zima, kwa sampuli ya nasibu, na kosa lisilozidi asilimia 5. Kama lengo lako ni kulinganisha idara mbili, au wanaume na wanawake, hao 272 watagawanyika na huenda upande mmoja ukabaki na watu wachache mno. Muulize: "Kwa lengo langu la pili, inatosha?" Akirudia "Yamane tu", tafuta mwingine.

*Swali: Kaka, sina hela ya twisheni kabisa. Nimeshakula sapu moja, yaani nimefeli na narudia mtihani.*

Pole sana. Tafuta wenzako watatu waliokula sapu hiyohiyo, mchangie kipindi kimoja kwa wiki. Walimu wengi watakubali wanne kwa bei ya mmoja na nusu. Siku nyingine kila mtu awafundishe wenzake mada moja ubaoni. Mazoezi yako tele: Khan Academy ni bure, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka matokeo ya sensa ya 2022 kwa umma. Chukua idadi ya watu ya mikoa yote, tafuta wastani, tafuta ya katikati, kisha ujieleze kwa nini zinapishana. Ukifika kwenye namba ya Dar es Salaam utakumbuka mama lishe na siku yake ya tano.

*Swali: Natetea wiki mbili zijazo na data zangu bado. Kwa hali hii siyo bora nimpe mtu anifanyie tu?*

Najua presha hiyo, nimeipitia. Usimpe. Chapisha malengo yako ya utafiti kwenye karatasi moja, mtafute mwalimu leo, mkae vipindi vinne. Cha kwanza mchague pamoja jaribio moja kwa kila lengo. Cha pili na cha tatu ubonyeze wewe, yeye akiwa pembeni. Cha nne achukue majedwali yako, aweke kidole kwenye namba yoyote na kukuuliza ni nini. Ambayo huwezi kuijibu, irudieni mpaka uweze, au itoe kama lengo lako haliihitaji. Na zungumza na msimamizi wako leo hiihii. Siku chache za nyongeza huombwa mapema.