Umezoea V8 ya zamani? Jinsi ya kujaribu gari ya umeme yenye mbio bila kulewa na ile kukanyaga ya kwanza

Wakuu, hii ni kwa wale tulioko huku Marekani wenye ugonjwa wa V8 za zamani, watu wa magari kama Charger 440, Chevelle SS, GTO, mtu akisikia injini inaunguruma kwenye taa shingo inageuka yenyewe. Siku hizi ukipita kwa dila wa Dodge unaweza kukuta Charger Daytona ya umeme imepaki pale mbele na muuzaji anakwambia chukua ukazunguke. Nenda bana, ila nenda na mpango, maana gari ya umeme inakumaliza sekunde tatu za kwanza halafu muda wote uliobaki unacheka tu hujakagua chochote, na muuzaji analijua hilo vizuri sana.

Kwanza achana na kulinganisha namba za kwenye karatasi. Zile hosipawa 375 za 440 Magnum, injini ya Charger ya 1969, zilipimwa injini ikiwa kwenye stendi, haijafungwa eksozi ya gari yenyewe wala haizungushi makorokoro yote inayozungusha barabarani, ndo maana makampuni yalipohamia kipimo kingine 1972 namba zikashuka ghafla hata pale ambapo injini ilikuwa ileile. Na hii mpya nayo ina ujanja wake, Daytona Scat Pack, lile toleo lake lenye nguvu zaidi, inatajwa 670 lakini 40 kati ya hizo ni za kitufe cha PowerShot kwenye usukani, zinakuja sekunde chache zinaondoka.

Piga simu kabla hujaenda, waambie gari iwe na chaji kama asilimia 80 hivi. Isiwe 30, maana betri ikishuka nguvu nazo zinashuka, na isiwe 100 pia kwa sababu betri iliyojaa haina pa kupeleka umeme unaorudi ukipunguza mwendo, kwahiyo ile breki ya mota hutaipata kama ilivyo kawaida. Kama ni majira ya baridi waombe waipashe moto kwanza, betri ya baridi ni mvivu kama kabureta ya asubuhi.

Anzia parking, taratibu. Ukiachia pedeli gari inajivuta yenyewe, na zile pedo za nyuma ya usukani ambazo ungedhani ni za gia kazi yake ni kuongeza na kupunguza huo mvuto. Kwa mtu aliyezoea breki za dramu ambazo unaziombea dua kabla ya kona, hii itakuchanganya kidogo, zunguka mpaka mguu uzoee ndo utoke.

Sasa kukanyaga. Usifanye kwenye taa za mjini, tafuta njia ya kuingilia barabara kuu, iliyonyooka na haina mtu mbele yako. Kichwa kiegemeze kwenye siti kabla, sio baada, mikono miwili kwenye usukani. Hakuna kupiga resi, hakuna klachi, hakuna kusubiri mzunguko wa injini upande, nguvu yote ipo pale gari ilipokuwa imesimama. Dodge wanasema inafika maili 60 kwa saa kwa sekunde 3.3. Cheka, tukana ukitaka, halafu tulia uanze kazi. Kanyaga tena ukiwa kwenye maili 50 kwa saa, kama unaovertake lori, huko ndo utaona ule mshtuko unapungua kadri spidi inavyopanda. Rudia mara kadhaa ndani ya spidi inayoruhusiwa huku jicho moja likiangalia skrini ya dashibodi kama inaanza kukwambia nguvu imepunguzwa sababu ya joto.

Kitu cha kukagua kuliko vyote kwangu mimi ni uzito. Scat Pack ina zaidi ya kilo 2,600, wakati Charger ya 1969 yenye injini kubwa inacheza kwenye 1,800. Kwenye kona hutausikia sana kwa sababu betri imelala chini sakafuni na gari haiyumbi kama jahazi, hapo ndo inapokudanganya. Shika breki kwa nguvu sehemu salama, pita kwenye barabara mbovu yenye viraka, utaelewa. Na uliza bei ya seti ya tairi kabisa, gari nzito yenye nguvu hivi inazila.

Kelele je? Dodge wameweka spika na mabomba wakaiita Fratzonic, wanasema inafikia desibeli 126 sawa na Hellcat, ile Dodge yao ya V8 ya petroli. Isikilize ukiwa nje, halafu ingia uizime kabisa uendeshe kimya. Kama kimya kinakuboa baada ya maili mbili, ujue kelele ya spika haitakuokoa.

Kabla hujaamua lolote jaribu pia Hyundai Ioniq 5 N, najua, Hyundai, tena ya milango mitano, lakini wale jamaa wametengeneza gia za uongo nane zinazokupiga teke kila ukibadilisha, na ukisahau kupandisha gia, gari inagonga limita ya mzunguko kama ya petroli. Ni mchezo mtupu na mimi naupenda kuliko Fratzonic, maana unaupa mkono kazi ya kufanya.

Ukirudi uliza umbali (Scat Pack imepimwa maili 241 kwa chaji moja, ukikanyaga hivyo utapata chini ya hapo), uliza kama nyumbani kwako fundi anaweza kufunga laini ya volti 240 ya kuchajia, na chukua kwotesheni ya bima kabla hujasaini karatasi yoyote. Dila akikataa kukuruhusu uingie barabara kuu, anataka uzunguke mtaa tu na kurudi, mrudishie funguo nenda kwa mwingine.