SOMO: Namna ya kupata bei ya shilingi ya Kenya kwa madafu (shilingi za Tanzania), mwaka wowote tangu 1966

Wakuu, swali la "mwaka fulani shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi ngapi za Tanzania" haliishi, hasa kwa wenye kesi za mirathi, madeni ya zamani na tasnifu za chuo. Mara nyingi mtu hurushiwa namba moja tu. Namba hiyo haina maana mpaka ujue kama kuna mtu aliyeweza kweli kubadilisha hela kwa bei hiyo.

Hatua ya 1: Jua mwaka wako umeangukia kipindi gani.
Kabla ya 1966 hakuna cha kukokotoa. Shilingi ilikuwa moja, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Tanzania ilitoa yake Juni 1966, Uganda ikafuata Agosti, Kenya Septemba. Zote zilianza sawa kwa sawa, 7.14 kwa dola. Namba hiyo ilitoka kwenye pauni: pauni moja ilikuwa shilingi 20, na pauni hiyohiyo ilikuwa dola 2.80. Gawanya utaiona. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, nchi zetu tatu hazikufuata, na pauni ikawa shilingi 17.14. Kwenye vitabu, Kenya na Tanzania ziliendelea kwenda pamoja karibu miaka yote ya 70, hata baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na mpaka wa nchi hizo mbili kufungwa. Januari 1979 Tanzania ikashusha ya kwake, njia zikaanza kuachana.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya kila shilingi kwa dola.
Jedwali la Ksh kwa Tsh la miaka ya nyuma ni adimu. La dola lipo, kwenye takwimu za benki kuu zote mbili na za Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Angalia usichanganye wastani wa mwaka na bei ya mwisho wa mwaka.

Hatua ya 3: Gawanya ya Tanzania kwa ya Kenya.
Mwaka 1990 wastani ulikuwa Tsh 195 na Ksh 22.9 kwa dola. 195 ÷ 22.9 = 8.5. Mwaka 2000 ni 800 ÷ 76, yaani 10.5.
Sasa tazama 1994. Kwa wastani wa mwaka, 510 ÷ 56 inakupa 9.1. Kwa bei ya Desemba, 523 ÷ 45 inakupa 11.6. Mwaka mmoja, majibu mawili, na yote ni sahihi. Shilingi ya Kenya ilikuwa imeporomoka 1993, kisha ikapanda kwa kasi ndani ya 1994. Ukiwa na tarehe ya muamala, achana na wastani, tafuta bei ya mwezi huo.

Hatua ya 4: Jihadhari na 1979 hadi 1992.
Hapa ndipo wengi wanapotea. Mwaka 1985 vitabu vinasema Tsh 17.5 na Ksh 16.4 kwa dola. Gawanya: 1.07. Nani pale mpakani Namanga angekupa shilingi ya Kenya kwa shilingi moja na senti saba za madafu? Maduka yalikuwa matupu, dola zilitolewa kwa kibali, na miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imewakamata walanguzi na "wahujumu uchumi" nchi nzima. Bei ya kweli ilikuwa mtaani, mbali kabisa na ile ya benki. Baada ya makubaliano na IMF mwaka 1986, bei ya serikali ikaanza kuikimbiza ya mtaani: wastani wa 1986 ni 2.0, wa 1988 ni 5.6. Anayesoma jedwali atadhani shilingi yetu ilianguka ghafla, kumbe ilishaanguka zamani, karatasi ndizo zilizochelewa.
Kwa kipindi hiki andika bei mbili, ya serikali na ya mtaani. Ya pili itafute kwenye daftari za wafanyabiashara na barua za ndugu. Sheria ya 1992 iliporuhusu maduka ya kubadilisha fedha, bei hizo mbili zilianza kukutana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, shukrani kwa somo. Nikigawanya napata namba moja, nikifika dukani mpakani napewa ndogo. Naibiwa?*
Hapana mkuu. Benki kuu hutangaza bei ya kati. Duka lina bei ya kununua na ya kuuza, na tofauti ndiyo riziki yake. Ila ulizia maduka mawili matatu.

*Babu yangu wa Unguja ana hati ya mkopo wa rupia, ya 1934. Nafanyaje?*
Zanzibar ilitumia rupia yake mpaka ilipoingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936, kwa shilingi moja na nusu kwa rupia. Zidisha kwa 1.5, deni la rupia 200 linakuwa shilingi 300. Hiyo ni kubadili sarafu tu. Thamani ya leo ni hesabu nyingine, mtafute mwanasheria.

*Mwanzoni mwa 2024 Ksh ilishuka hadi kama 16 za kwetu, miezi michache baadaye ikawa karibu 20. Shilingi yetu ilifanya nini?*
Ya kwetu haikufanya kitu kikubwa, ilikuwa kwenye 2,500 na ushee kwa dola. Iliyotikisika ni ya Kenya: ilifika 160 kwa dola kwa hofu ya hatifungani (hati ya deni la serikali) ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni. Februari Kenya ikakopa bilioni 1.5 sokoni kuanza kulipa deni hilo, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Kwa hiyo ukiona bei ya Ksh kwa Tsh imeruka, fungua kwanza majedwali mawili ya dola, utajua nani kasogea.