Kuomba chuo kikuu kupitia KUCCPS: piga hesabu ya klasta kwanza

Wengi hapa Lamu huenda kuomba chuo kupitia KUCCPS, shirika la Kenya linalogawa nafasi za vyuo, wakiwa wametazama gredi ya wastani tu. "Nina B, nitapata." C+ inakufungulia mlango wa shahada, ila nafasi za kozi hugawanywa kwa pointi za klasta, yaani kundi la masomo manne ambayo kozi inayataka. Hapo ndipo watoto wetu wanapopotezea nafasi, na huniuma, maana hesabu yenyewe ni ya dakika tano.

Kwanza, nenda saiba (duka la intaneti) na slipu ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na cheti cha kuzaliwa. Ukitoka Faza au Kizingitini usingoje siku ya mwisho. Boti ikichelewa na mtandao ukilemewa, basi tena. Ingia kwenye tovuti ya KUCCPS kwa nambari yako ya mtihani na mwaka ulioufanya. Nywila ya mara ya kwanza huwa nambari ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ibadilishe papo hapo, kwa mkono wako.

Pili, hesabu. Kila kozi ina masomo yake manne, na tovuti inayaonyesha. A ni pointi 12, A- ni 11, unashuka hivyo hadi E, ambayo ni 1. Jumla ya manne hayo igawe kwa 48. Jumla ya masomo saba igawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuseme binti ana Kiswahili A-, Dini ya Kiislamu A-, Kiingereza B, Biolojia B, Kemia B-, Hisabati B- na Jiografia C+. Jumla 63, wastani B. Kozi ikitaka Biolojia, Kemia, Hisabati na Kiswahili, jumla ya manne hayo ni 36, naye anapata pointi za klasta 36 kamili. Ikitaka Kiswahili, Dini, Biolojia na Kemia, manne ni 39, anapata kama 37.5. Slipu ni ile ile, mtoto ni yule yule! Pointi rasmi hutolewa na mfumo wenyewe. Zako ni za kukadiria.

Tatu, linganisha na pointi za aliyeingia wa mwisho mwaka uliopita. Si ahadi, kwani waombaji wazuri wakiongezeka, hupanda. Tazama kozi hiyo hiyo katika vyuo tofauti, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kikiwemo, kwa sababu pointi hutofautiana. Chaguo la kwanza liwe unalolipenda kweli, na chini yake weka angalau moja ambalo pointi zako zinalizidi.

Mwisho, lipa ada kwa njia inayoonyeshwa kwenye tovuti. Anayekuomba pesa mkononi ili "akuwekee nafasi" mkimbie. Hifadhi machaguo, toka, ingia tena uhakikishe yapo, ndipo uchapishe. Ombi la mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ni jingine kabisa, nalo lina tarehe zake.