Kabla hujaenda kupima kolestro (na kabla hujapanik na majibu)

Shangazi alinipigia usiku, hata shikamoo hakuitikia, anasema mwaka jana kolestro ilikuwa 5.1 sasa ni 197, yaani amekwisha. Nikamwambia shangazi nirushie karatasi wasap. Kucheki, maabara ya kwanza waliandika mmol/L, ya pili mg/dL, vizio viwili tofauti vya kupimia kitu kilekile. Chukua 5.1 zidisha mara 38.67, unapata 197 ileile. Hakuna kilichopanda.

Kwa hiyo kabla hujaenda, tafuta karatasi ya zamani uibebe, na ukiweza rudi maabara ileile.

Kuhusu kufunga, uliza mapema, siku hizi sehemu nyingi wanapima hata kama umekula, ila wakikuambia ufunge basi ni masaa 9 hadi 12, maji ruksa, chai ya maziwa na maandazi hapana. Chakula kinachezea zaidi trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu), na bia za jana yake pia. Kama una mimba, au ndo umetoka kuumwa malaria kali ukalazwa, mwambie daktari, huenda akasema usubiri kwanza maana namba zitadanganya. Na kama uko kwenye statini, dawa za kushusha kolestro, usiziache ili eti upime "kitu halisi", daktari anataka kujua dawa inafanya kazi au la.

Sasa majibu. Watu wanakimbilia namba ya jumla, ikizidi 5.2 (kwa mmol/L) inawekewa kale ka-H, yaani iko juu, pembeni na mtu halali. Mimi hiyo naiangalia mwisho. Mdada ana jumla 5.6 lakini HDL, ile inayoitwa nzuri, ni 1.9, trigliseridi 1.1, LDL, ile mbaya, inakuja 3.2, presha safi, havuti sigara. Jamaa mwingine jumla 4.9, hana H hapo, anatamba, kumbe HDL 0.8, trigliseridi 2.9, presha 160, ana sukari na pakiti ya sigara mfukoni. Wa kuhofia moyo ni huyu wa pili, tena kwa mbali.

Ndo maana usiende kwa daktari na karatasi ya kolestro peke yake. Pima presha, pima sukari, halafu ulizia nyumbani kama baba au kaka alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65. Hili watu hawapendi kuuliza, utaambiwa "alianguka tu ghafla" au alirogwa, wewe uliza alikuwa na miaka mingapi. LDL ikifika 4.9 na kuendelea na ukoo una historia hiyo, inaweza kuwa ya kurithi, hapo kuacha chipsi peke yake hakutoshi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mwaka 2019, iko ya kanda yetu pia, ya watu wa miaka 40 hadi 74. Unaweka umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha, sukari na kolestro ya jumla, inakupa hatari yako ya miaka 10 ijayo. Mwombe daktari muipitie pamoja.

Halafu ile chupa ya mafuta iliyoandikwa haina kolestro isikubabaishe, mafuta yote ya mimea hayana, hata ya nazi na mawese, ila hayo mawili yamejaa mafuta yanayopandisha LDL. Shangazi alikuwa amenunua dumu zima la lita 5 la mawese sababu ya hayo maandishi.